Muziki wa Mashine na Maskani Yake Ujerumani

Mwezi wa Machi mwaka 2024 wakuu wa utamaduni wa Ujerumani waliliingiza jina la tekno ya mji wa Berlin katika daftari la taifa la urithi usioshikika, wakaiweka pamoja na mila na sanaa nyingine ambazo taifa hilo limezitunza kwa vizazi vingi. Wako waliostaajabu. Muziki huu haujatimiza nusu karne. Haukutungwa katika makasri ya wafalme wala haukufadhiliwa na matajiri. Ulichezwa usiku katika ghala tupu, vyumba vya chini ya ardhi na viwanda vilivyokwisha kufungwa, na kwa miaka mingi watu wazima waliousikia kwa mbali waliuita makelele. Lakini mwenye kuitazama taarikhi yake kwa utulivu ataona kuwa daraja hiyo haikutolewa kwa upendeleo. Mashine za muziki huu zilipatikana Tokyo, London na New York kama zilivyopatikana Berlin, na wapigaji wake wa kwanza hawakuwa Wajerumani. Kilichoufanya ustawi Ujerumani kuliko kwingi ni kwamba huko ulipata mambo matatu kwa wakati mmoja: mahali pa kukaa, usiku usiofungwa na sheria, na watu waliokuwa tayari kumheshimu aliyewaletea.

Yafaa kwanza tumweleze msomaji muziki wenyewe ulivyo. Hausi na tekno ni muziki wa jamaa moja, na msingi wake ni mdundo mzito wa ngoma kubwa unaopigwa mara nne katika kila kipimo, bila kukoma wala kuyumba, kwa mwendo wa mapigo takriban 120 hadi 130 kwa dakika, ijapokuwa tekno aghalabu huenda kasi zaidi. Hausi hupenda kinanda, nyuzi na uimbaji unaokumbusha kwaya za makanisa ya Wamarekani weusi. Tekno huyaacha maneno karibu yote, ikategemea sauti za mitambo, mirindimo na mabadiliko madogo madogo ambayo sikio hulazimika kuyangoja. Midundo hiyo ilitolewa hasa na mashine mbili za kampuni ya Roland ya Japani, TR-808 ya mwaka 1980 na TR-909 ya mwaka 1983, ambazo wanamuziki wengi wa zama hizo hawakuzithamini, kwa hiyo zikauzwa mitumba kwa bei ambayo kijana asiye na fedha za kuajiri bendi aliimudu. Anayeuongoza umma katika ukumbi ni mpiga santuri, yule aitwaye dijei, naye kazi yake haiishii katika kuweka santuri moja na kuiondoa nyingine, bali huziunganisha mbili zikaenda kwa mwendo mmoja hata mchezaji asijue moja imekoma wapi, na kwa saa nyingi akawatoa watu katika utulivu, akawapandisha katika shauku, kisha akawarudisha taratibu.

Ujerumani ilikuwa na wazee wake katika sanaa ya sauti za umeme. Katika mji wa Cologne idhaa ambayo baadaye iliitwa WDR ilianzisha mwaka 1951 studio ya muziki wa elektroniki, na humo mtunzi Karlheinz Stockhausen alitoa mwaka 1956 kazi iliyochanganya sauti ya mtoto wa kiume na milio iliyozaliwa na mitambo. Muziki huo ulikuwa wa wataalamu, lakini ulikiandaa kizazi kilichofuata kuamini kwamba mtambo nao waweza kuwa ala. Mwaka 1970 katika mji wa Düsseldorf vijana wawili, Ralf Hütter na Florian Schneider, waliunda kundi la Kraftwerk, na santuri zao za Autobahn mwaka 1974 na Trans-Europe Express mwaka 1977 zilizisifu barabara na gari moshi kwa midundo ya mashine iliyopangwa kwa unadhifu. Baba zao walikuwa wametoka katika vita vilivyoliangamiza taifa na kulitia aibu mbele ya walimwengu, nao hawakutaka kuimba nyimbo za kale zilizochafuliwa na utawala wa Wanazi, wala kuiga tu nyimbo za Wamarekani na Waingereza. Wakatafuta lugha mpya ya muziki, wakaipata katika umeme.

Katika mji wa Munich, Mtaliano Giorgio Moroder aliungana na mwimbaji wa Kimarekani Donna Summer, na mwaka 1977 wakatoa I Feel Love, wimbo ambao sauti ya mwanadamu ilikaa juu ya usindikizaji uliotoka karibu wote katika mashine. Miaka hiyo hiyo mtayarishaji Frank Farian alikuwa akilitengenezea Ujerumani kundi la Boney M., ambalo nyimbo zake zilichezwa sana Afrika Mashariki katika harusi, mabaa na kumbi za dansi. Kwa hiyo wapo wasomaji wetu wengi ambao walikwisha kuucheza muziki uliotengenezwa studio za Ujerumani zamani kabla hawajalisikia neno tekno.

Hata hivyo ngoma hii haikukua kwa kufuata njia iliyonyoka kutoka Düsseldorf hadi Berlin. Ilivuka kwanza bahari ya Atlantiki. Mwaka 1982 mjini New York, Afrika Bambaataa alitoa Planet Rock, akautumia ndani yake muziki wa Kraftwerk. Katika mji wa Chicago, tangu mwaka 1977, Frankie Knuckles alikuwa akipiga santuri katika klabu ya Warehouse, na waliomjia walikuwa hasa vijana weusi na Walatino, wengi wao watu wa mapenzi ya jinsia moja waliokataliwa na majirani na pengine hata na aila zao. Humo ndimo hausi ilimozaliwa. Katika mji wa Detroit, vijana watatu weusi waliosoma pamoja, Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, walizisikiliza sauti za Kraftwerk redioni, wakazichanganya na fanki ya kwao, wakaupa umbo muziki wa mji ambao viwanda vyake vya magari vilikuwa vikififia na watu wake wakihama. Mwaka 1988 mkusanyo wa kazi zao ulichapishwa London kwa jina la tekno, na tangu hapo jina hilo likashika.

Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa, lakini watu hawa wa Chicago na Detroit walicheza kwao na kwao hawakutunzwa. Redio kubwa za Marekani ziliwapuuza, kampuni kubwa za santuri zikawapita, na wengi wao walipata riziki na sifa ng'ambo kabla ya kuzipata nyumbani. Ukweli huu hapana budi ukumbukwe kila Berlin inapotajwa, kwa maana muziki ambao leo wageni husafiri mbali kwenda kuuchezea Ujerumani ulikuwa hidaya ya watu weusi wa Marekani, na fadhila isiyotajwa hugeuka dhuluma.

Hidaya hiyo ilipokewa katika miji kadhaa kabla ya kufika Berlin. Hamburg ilikuwa na klabu ya Front, iliyofunguliwa mwaka 1983 katika chumba cha chini ya jengo, na humo mpiga santuri Klaus Stockhausen, ambaye si yule mtunzi wa Cologne, aliwazoesha wachezaji hausi ya Chicago wakati Wajerumani wengi walikuwa hawajaisikia. Frankfurt ilikuwa na Dorian Gray, ukumbi wa fahari uliofunguliwa mwaka 1978 ndani ya uwanja wa ndege, na baadaye Omen, klabu iliyodumu kuanzia mwaka 1988 hadi 1998, ambamo Sven Väth alijulikana kwa kupiga santuri usiku kucha na kuendelea hata jua likapanda. Frankfurt na viunga vyake vilijaa pia askari wa Kimarekani, wengi wao weusi, walioleta santuri na sauti zao. Mmoja aliyekuwa askari, Turbo B, ndiye aliyesikika katika nyimbo za kundi la Snap!, na Rhythm Is a Dancer ya mwaka 1992 ilipigwa katika disko za dunia nzima, zetu zikiwamo.

Tuje sasa Berlin. Baada ya Vita Kuu ya Pili mji huo uligawanywa, na upande wa magharibi uliwekwa chini ya majeshi ya Marekani, Uingereza na Ufaransa, ambayo yalikuwa na amri hata juu ya saa ya kufunga mabaa. Mwezi wa Juni 1949 mwenye hoteli mmoja, Heinz Zellermayer, alimwendea jemadari wa Kimarekani Frank Howley akamshawishi kwamba saa hiyo iondolewe, na ikaondolewa. Amri ile, ambayo yamkini wakati huo ilionekana jambo dogo la biashara ya vinywaji, iliufanya usiku wa Berlin Magharibi usiwe na mwisho wa kisheria, na miaka arobaini baadaye ikawa rasilimali ya sanaa ambayo aliyeitoa hakuiwaza. Pamoja na hayo, wakazi wa Berlin Magharibi hawakulazimishwa kuingia jeshini, kwa hiyo mji ulivuta vijana wa Ujerumani Magharibi waliochukia bunduki na kupenda maisha yasiyo ya kawaida. Mmoja wa waliokwenda kuishi huko, Dimitri Hegemann, alishiriki kuanzisha mwaka 1988 klabu ndogo ya UFO katika chumba cha chini ya nyumba, na mwishoni mwa mwaka 1989 Mark Ernestus alifungua duka la santuri la Hard Wax katika mtaa wa Kreuzberg, ambalo liliagiza kazi za Detroit na Chicago moja kwa moja na kuwa chuo cha wapiga santuri wa mji mzima.

Usiku wa tarehe 9 Novemba 1989 ukuta uliotenganisha pande mbili za mji ulifunguliwa. Upande wa mashariki viwanda vya serikali vilifungwa, mashirika yakavunjwa, na majengo mengi yakabaki bila mwenyewe anayejulikana, kwa kuwa mengine yalinyang'anywa na Wanazi, mengine yalitaifishwa na serikali ya kikomunisti, na mahakama zilihitaji miaka kuamua haki ya kila mdai. Katika muda huo vijana waliingia, wakafagia, wakafunga umeme na spika, wakaanza kucheza. Mwaka 1991, mwezi wa Machi, Hegemann na wenzake walifungua Tresor katika vyumba vya hazina vya duka kubwa la zamani la Wertheim, katika barabara ya Leipziger Straße. Duka hilo lilikuwa mali ya aila ya Kiyahudi iliyodhulumiwa na Wanazi. Jengo la juu lilikuwa limekwisha bomolewa, na chini yake zilibaki kuta nene, nondo za chuma na safu za visanduku vilivyoliwa na kutu ambamo matajiri wa zamani waliweka amana zao. Wachezaji walijaa humo hata jasho likachuruzika darini.

Hapo ndipo muziki huu ulipofanya kazi ambayo hotuba za viongozi hazikuiweza. Kijana wa mashariki na kijana wa magharibi walikuwa wamelelewa kwa vitabu mbalimbali, fedha mbalimbali na hofu mbalimbali. Wakizungumza, mmoja alimtambua mwenzake kwa lafudhi na mavazi, na dharau au wivu ukaingia kati yao. Lakini tekno haikuwa na maneno ya kumtenga mtu, haikuwa na mwimbaji wa kusujudiwa jukwaani, na katika giza lililojaa moshi hakuna aliyeuliza nani ametoka upande gani. Wakati huo huo idhaa ya vijana ya Ujerumani Mashariki, DT64, ilipotishiwa kufungwa, mkesha mkubwa wa kwanza wa Mayday ulifanywa mjini Berlin mwezi wa Desemba 1991 ili kuitetea. Siasa na ngoma zilikuwa jambo moja, ijapokuwa wachezaji wengi hawakuyaita mambo yao siasa.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tresor ilianzisha kampuni yake ya santuri, na kazi yake ya kwanza ilikuwa ya kundi la Underground Resistance la Detroit. Jeff Mills, Robert Hood, Blake Baxter, Eddie Fowlkes na Juan Atkins, wanamuziki wa mji huo, walialikwa, wakalipwa, wakasikilizwa kwa taadhima wasiyoizoea kwao, na mwaka 1993 mkusanyo wa klabu hiyo ukachapishwa kwa jina la maafikiano ya Berlin na Detroit. Wajerumani walijifunza kutoka kwao na kisha wakapata sauti yao wenyewe. Mark Ernestus na Moritz von Oswald, kwa jina la Basic Channel, waliitia tekno mwangwi na upole wa muziki wa Jamaika. Huko Cologne duka la Kompakt, likiongozwa na watu kama Wolfgang Voigt na Michael Mayer, lililea hausi nyembamba iliyopunguzwa hata kubaki na yaliyo lazima tu, na katika mji wa Offenbach klabu ya Robert Johnson, tangu mwaka 1999, iliithamini hausi ya ukumbi mdogo kuliko tamasha la umati. Mwaka 2001 kampuni ya Ableton, iliyoanzishwa na watu waliotoka katika tekno ya Berlin, ilitoa programu ya kompyuta ya kutungia na kupigia muziki, ambayo sasa hutumiwa na watayarishaji wa kila bara.

Umati nao ulikuwa na habari yake. Tarehe 1 Julai 1989, miezi michache kabla ya ukuta kufunguliwa, mpiga santuri aitwaye Dr. Motte aliongoza maandamano ya watu wapatao 150 katika barabara ya Kurfürstendamm, wakicheza nyuma ya magari yenye spika na kudai amani na furaha. Maandamano hayo, yaliyoitwa Love Parade, yaliongezeka mwaka hata mwaka, na mwaka 1999 yalikadiriwa kuwa na watu milioni moja na nusu. Kadiri yalivyokua yalizidi kuwa biashara, hata mwaka 2001 mahakama ikayanyima hadhi ya maandamano ya kisiasa. Yakahamishwa kutoka Berlin hadi miji ya eneo la Ruhr, na tarehe 24 Julai 2010 katika mji wa Duisburg watu walisongamana katika njia ya kuingilia, wakafa 21 na kujeruhiwa mamia. Kesi ilifunguliwa, nayo ikafungwa mwaka 2020 bila hukumu. Roho zile ni hasara isiyolipika, na ni onyo kwamba furaha ya watu wengi ni amana mikononi mwa wanaoikusanya.

Klabu za Berlin zilichagua njia nyingine, na Berghain ndiyo mfano unaojulikana zaidi. Ilifunguliwa mwaka 2004 katika jengo lililokuwa mtambo wa umeme na joto karibu na stesheni ya Ostbahnhof, ikirithi klabu ya Ostgut iliyokuwa makutano ya wanaume wa mapenzi ya jinsia moja. Ukumbi wake mkubwa hupiga tekno, na wa juu, uitwao Panorama Bar, hupiga hausi. Mlangoni huweza kurudishwa tajiri akaingia mnyonge, na kamera za simu hubandikwa karatasi ili asipigwe picha mtu. Wengine huliona jambo hilo kiburi, lakini asili yake ni himaya: watu waliodharauliwa mchana walihitaji mahali ambapo usiku hawatatazamwa kwa kejeli wala kufichuliwa kesho yake. Si kwamba kumbi hizi hazina aibu. Dawa za kulevya ziliingia nazo mapema na zimewaharibu wengi, wala hakuna mapenzi ya muziki yanayoihalalisha hasara hiyo. Hata hivyo, mwaka 2016 mahakama ya kodi iliamua kwamba yafanywayo Berghain yahesabiwe kuwa sanaa, ikatozwa kodi ya asilimia 7 badala ya 19, na mwezi wa Mei 2021 Bunge la Ujerumani lilipitisha azimio la kuzitambua klabu kuwa mahali pa utamaduni, pasilinganishwe tena na nyumba za kamari.

Heshima hiyo imefika wakati mahali penyewe panapungua. Ardhi iliyokuwa haina mwenyewe imekuwa ghali. Tresor ilitolewa katika vyumba vyake vya hazina mwaka 2005, ikafunguliwa upya mwaka 2007 katika mtambo wa umeme uliokwisha kufa. Na Watergate, klabu ya hausi iliyokuwa kando ya mto Spree, ilifungwa mwisho wa mwaka 2024. Cheti cha urithi hakilipi kodi ya nyumba, na muziki uliozaliwa na nafasi tupu hauwezi kuishi katika mji uliouza nafasi zake zote.

Jambo hili linatuhusu sisi kuliko tunavyodhani. Mwaka 2011 wanamuziki wa Nairobi, wakiwamo Ukoo Flani na Just a Band, walitoa pamoja na watayarishaji wa Berlin santuri ya BLNRB, iliyotokana na juhudi za Goethe-Institut ya Nairobi. Singeli, iliyozaliwa katika mitaa ya watu wa kawaida ya Dar es Salaam kwa kompyuta za bei nafuu na mapigo yanayopita 200 kwa dakika, ilichapishwa mwaka 2017 na kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na tangu hapo vijana wake wameitwa kwenye majukwaa ya Ulaya, ambako husikilizwa kwa makini kuliko wanavyosikilizwa na wengi wa jirani zao. Hali yao inafanana mno na ya vijana wa Detroit. Ujerumani haikuwa na vipaji vingi kuliko nchi nyingine. Iliwapa wenye vipaji mahali, saa na heshima. Wenye mamlaka katika miji yetu, na wazazi wanaoyaita makelele yale ambayo watoto wao wanayatunga, wasingoje mgeni awatunze vijana wetu ndipo nasi tujue thamani yao. Na tuwape mambo hayo matatu sasa, wakiwa bado kwao.